Ishike Kazi Yako kwa Mikono Miwili

Umeambiwa umechelewa. Umeambiwa sura yako si ya televisheni, lafudhi yako ni ya kijijini, na mwanamke mwenye mtoto mchanga hana saa ya kushinda mazoezini. Umeambiwa uchekeshaji si kazi, ni mchezo wa watu waliokosa la kufanya. Umeyasikia maneno hayo mara nyingi, hata siku nyingine unajiambia mwenyewe kabla hujaambiwa. Leo nakuomba uyaweke kando, unipe nafasi nikusimulie habari za mwanamke aliyeambiwa mengi ya namna hiyo, akatimiza miaka 40 bila kuwa na kipindi chake cha televisheni, kisha akabadilisha namna vichekesho vya televisheni vinavyotengenezwa.

Anaitwa Lucille Ball, Mmarekani. Kwao anakumbukwa kwa nywele nyekundu, macho makubwa na vituko vya kipindi cha I Love Lucy, kilichoanza kurushwa na shirika la CBS tarehe 15 Oktoba 1951. Nimekuletea habari zake kwa sababu alifanya mambo mawili ambayo msanii wa kwetu mara nyingi hufanya moja akaliacha la pili. Kwanza, aliihangaikia sanaa yake mpaka ikamtii. Pili, alihakikisha kazi aliyoifanya inabaki mali yake. Mkono mmoja juhudi, mkono wa pili hati. Anayeshika kwa mkono mmoja hunyang'anywa.

Hilo ndilo ninalotaka uondoke nalo. Sasa tuyafuate maisha yake tuone alivyofika.

Waliosema hafai

Lucille alizaliwa tarehe 6 Agosti 1911 katika mji mdogo wa Jamestown, jimbo la New York. Baba yake alikuwa fundi wa nyaya za simu. Mwaka 1915 homa ya matumbo ikamchukua, binti akiwa na miaka 3 na mama akiwa mjamzito. Sehemu kubwa ya utoto wake Lucille aliishi na babu na bibi mzaa mama katika kijiji cha Celoron, jirani na Jamestown. Babu alipenda maonyesho ya jukwaani, yale ya nyimbo, vichekesho na mazingaombwe yaliyokuwa yakizunguka mji hadi mji, naye akawa anamchukua mjukuu wake wakaangalie pamoja. Hapo mtoto akaona kwa macho yake kwamba mtu mmoja akisimama peke yake mbele ya umati anaweza kuufanya ucheke au unyamaze.

Alipokuwa na miaka 15 mama yake akakubali aende shule ya uigizaji katika Jiji la New York. Nyota wa shule hiyo wakati huo alikuwa msichana aitwaye Bette Davis, ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa waigizaji wakubwa wa Hollywood. Lucille alikuwa na haya. Sauti haikutoka, mwili ulikakamaa. Walimu wakaona hana lolote jukwaani, na mama yake akaelezwa kwamba anapoteza fedha zake bure. Binti akarudi nyumbani.

Ndugu yangu, wengi wetu huishia pale pale. Mwalimu mmoja, jaji mmoja wa shindano, meneja mmoja wa kituo anasema hapana, nasi tunaichukua hapana hiyo tunaitundika ukutani kama cheti. Lucille alirudi New York. Akapata kazi ya uanamitindo kwa mbunifu wa mavazi Hattie Carnegie. Akiwa katika kazi hiyo akaugua, miguu ikakataa kumbeba, ikabidi arudi Jamestown auguzwe na mama yake kwa muda mrefu mpaka aweze tena kutembea sawasawa. Alipopona akaenda New York kwa mara nyingine. Hakuna aliyemwita, wala hakukuwa na kazi inayomsubiri. Alikwenda kwa sababu kazi aliyoitaka ilikuwa kule.

Mwaka 1933 akafika Hollywood, akiwa mmoja wa wasichana wa kundi la wachezaji katika filamu ya Roman Scandals ya mchekeshaji Eddie Cantor. Tangu hapo alicheza filamu nyingi, kubwa na ndogo, nyingi zikiwa za bajeti finyu, hata watu wakamwita malkia wa filamu za daraja la pili. Miaka 15 na zaidi ikapita hivyo. Alijulikana, lakini hakuna aliyejua afanyiwe nini. Uzuri alikuwa nao, ila Hollywood ilikuwa imejaa wazuri. Kuchekesha alijua, ila wakubwa wa studio hawakuona faida ya kumpaka mwanamke mzuri unga usoni.

Miaka ya kujifunza si miaka ya kupotea

Nataka tutulie kidogo kwenye miaka hiyo, kwa sababu ndiyo miaka ambayo wengi wenu mko nayo sasa. Mnapewa nafasi ya kupita mbele ya kamera mkiwa na sahani mkononi, mseme neno moja, muondoke. Mnaona wenzenu wa rika lenu wamejenga. Swali ni moja tu: unaifanyia nini miaka hiyo?

Lucille aliifanya shule. Katika studio ya RKO alihudhuria mafunzo ya Lela Rogers, mama yake mwigizaji Ginger Rogers, aliyekuwa akiwanoa vijana wa studio. Baadaye, akiwa studio ya MGM, alijifunza kwa Buster Keaton, bingwa wa vichekesho vya filamu zisizo na sauti, ambaye wakati huo enzi yake ilikuwa imepita na wengi wamemsahau. Keaton alimfundisha kuheshimu vifaa: kofia, ngazi, mlango, sahani. Kifaa ukikijua vizuri mikononi kinakuwa mwigizaji mwenzako, na usipokijua kinakuaibisha mbele za watu. Lucille hakumdharau mzee aliyeachwa na wakati. Alikaa chini akafundishwa. Wewe mtaani kwako una wazee waliokuwa wakiigiza redioni au kwenye vikundi vya sanaa kabla hujazaliwa. Umewahi kumwendea hata mmoja ukamuuliza anavyotega kicheko?

Mwaka 1948 CBS ikampa nafasi ya kuongoza kipindi cha vichekesho redioni, My Favorite Husband. Mtayarishaji wake, Jess Oppenheimer, aliona kwamba Lucille anasoma vizuri lakini amefungwa na karatasi. Akamtuma aende akaangalie kipindi cha Jack Benny kikirushwa mbele ya watazamaji waliokaa studioni. Lucille akaona wachekeshaji wa redio wakigeuka, wakikunja uso, wakiwakodolea macho watu waliokaa mbele yao, ijapokuwa msikilizaji wa nyumbani asingeona chochote. Kile kicheko cha walioko ukumbini ndicho kilichompa mwigizaji kipimo cha muda, na msikilizaji wa mbali akakipata kupitia sauti. Aliporudi kwenye maikrofoni yake akaanza kucheza kwa mwili mzima. Wasikilizaji wakampenda zaidi, na CBS wakaanza kufikiria kumpeleka televisheni.

Mtu aliyekwisha kucheza filamu kwa miaka 15 alikubali kutumwa akaangalie wenzake wanavyofanya, akarudi akajirekebisha. Unyenyekevu wa namna hiyo ndio huo mkono wa kwanza ninaousema.

Kijiko kimoja, mara nyingi

Ukitaka kujua juhudi ni nini, tafuta kipindi cha I Love Lucy kilichorushwa Mei 1952, ambamo Lucy, mhusika aliyeigizwa na Lucille, anatangaza dawa ya nguvu iitwayo Vitameatavegamin. Hadithi yake ni fupi. Lucy anataka kuonekana kwenye televisheni kwa udi na uvumba, anapata nafasi ya kutangaza dawa hiyo, na wakati wa mazoezi anatakiwa kumeza kijiko kimoja kila anapoyarudia maneno. Hajui kwamba dawa ina kilevi kingi. Kila zoezi, kijiko. Kila kijiko, ulimi unalegea kidogo.

Sasa mwangalie kama fundi anavyomwangalia fundi mwenzake. Kijiko cha kwanza anakunja uso kwa uchungu wa dawa, kisha analazimisha tabasamu kwa ajili ya kamera. Cha pili uso haukunjamani sana. Baadaye anaanza kukitazama kijiko kwa mapenzi. Jina la dawa, refu na gumu tangu mwanzo, linaanza kuvunjika silabi moja moja: leo imekatika hii, mara ijayo imeruka ile, mpaka hakuna silabi iliyobaki mahali pake. Mwishoni anamimina dawa, kijiko kinakwepa chupa, naye anaendelea kwa heshima zote kana kwamba hakuna kilichoharibika. Hakuna hatua aliyoiruka. Mlevi wake hakulewa ghafla kama walevi wa michezo mibovu wanaoingia wakipepesuka. Alilewa mbele yetu, tone kwa tone, na kila tone lilikuwa limepangwa. Kwenye ile chupa hakukuwa na kilevi chochote. Wakati wote huo Lucille Ball alikuwa na akili zake timamu, anahesabu.

Septemba mwaka huo huo kikarushwa kipindi cha kiwanda cha pipi za chokoleti. Lucy na rafiki yake Ethel, aliyeigizwa na Vivian Vance, wamesimama mbele ya mkanda wa mashine. Pipi zinapita, wao wanazifunga karatasi moja moja. Mkanda unaongeza kasi. Wanaanza kuzitia mdomoni, kifuani, kwenye kofia, kokote palipo na nafasi, kwa kuwa msimamizi akikuta pipi moja imepita bila karatasi, kazi hawana. Asiyejua neno moja la Kiingereza atacheka mpaka machozi, kwani kila mtu aliyewahi kuzidiwa na kazi huku bosi yuko mlangoni anaijua hali ile.

Vituko hivyo havikuzuka tu siku ya kupiga picha. Waandishi wa kipindi, Madelyn Pugh na Bob Carroll Jr. pamoja na Oppenheimer, walieleza kila tendo kwenye muswada kwa makini, na mara nyingi Madelyn mwenyewe alijaribu kituko kwanza kuona kama mwanamke anaweza kukifanya bila kuumia. Lucille naye akakifanyia mazoezi na kifaa halisi, akarudia na kurudia, mpaka siku ya watazamaji kionekane kama kimetokea kwa bahati mbaya. Kile tunachokiita kipaji, kwa asilimia kubwa, ni mazoezi ambayo watazamaji hawakuyaona.

Kwa hiyo dada, kaka, mnaorekodi vichekesho kwa simu na kuvipandisha mtandaoni mchana huo huo: kasi mnayo, lakini mazoezi yako wapi? Umekirudia kile kituko mara ngapi kabla ya kuwasha kamera? Umeuliza kwa nini watu wamecheka pale na wakanyamaza hapa? Watazamaji wetu si wajinga. Wamekua na Vitimbi na Vioja Mahakamani kule Kenya, wamekua na Ze Comedy huku Tanzania, wanajua kicheko kilichopikwa kikaiva na kicheko kibichi. Wape kilichoiva.

Hati za kipindi

Sasa mkono wa pili, ambao ndio unaoniuma zaidi.

CBS walipotaka kumpeleka Lucille televisheni, yeye alitoa sharti: mume katika kipindi lazima awe mume wake wa kweli, Desi Arnaz, mwanamuziki mzaliwa wa Kuba waliyeoana mwaka 1940. Ndoa yao ilikuwa ikiteseka kwa sababu Desi alikuwa safarini na bendi yake muda mwingi, na kipindi cha pamoja kingewaweka chini ya paa moja. Wakubwa wakakataa. Walisema watazamaji wa Marekani hawatakubali mwanamke wa kwao aolewe na Mkuba anayeongea Kiingereza cha lafudhi.

Lucille hakubembeleza. Mwaka 1950 yeye na Desi walianzisha kampuni yao, wakaunganisha majina yao mawili wakaiita Desilu, wakatengeneza onyesho la jukwaani, wakazunguka nalo miji ya Marekani. Waliokuja kuangalia wakacheka, wakashangilia. Swali la wakubwa likajibiwa na watu waliolipa kiingilio. Hiyo ndiyo hoja isiyopingika katika sanaa, nawe unayo: pale ofisi inaposema watu hawataki, nenda kwa watu wenyewe.

Kisha ukaja mvutano wa pili. Enzi hizo vipindi vingi vikubwa vilirushwa moja kwa moja kutoka New York. Miji ya upande wa magharibi ilipata nakala iliyopigwa kutoka kwenye kioo cha televisheni, picha yake hafifu. Mdhamini, kampuni ya sigara ya Philip Morris, hakutaka wateja wake wa mashariki ndio wapate picha hiyo mbovu, kwa hiyo alitaka kipindi kifanyiwe New York. Lucille na Desi walitaka kubaki Hollywood, kwenye nyumba yao. Jibu likawa kupiga kipindi kwenye filamu halisi ya sinema, ili nakala safi ifike kila mji. Zaidi ya hapo, Lucille alihitaji watazamaji waliokaa mbele yake, kwani redioni alikwisha kujua kwamba bila kicheko chao yeye ni nusu.

Filamu ya sinema kwa kawaida hupigwa kipande kwa kipande. Wao wakatumia kamera tatu kwa pamoja, mbele ya watu wapatao 300, mchezo ukienda mfululizo kama wa jukwaani. Kazi ya mwanga akapewa Karl Freund, mpiga picha mashuhuri kutoka Ujerumani aliyeshiriki kupiga filamu ya Metropolis ya mwaka 1927, naye akabuni mwanga unaotosheleza kamera zote tatu bila kusimamisha mchezo kila mara. Utaratibu huo wa kamera kadhaa na watazamaji ukumbini ukaja kuwa njia ya kawaida ya kutengeneza vichekesho vya televisheni Marekani kwa miongo iliyofuata.

Ila gharama iliongezeka, na CBS na mdhamini wakataka mtu wa kuibeba. Lucille na Desi wakasema: tukateni dola 1,000 kwa wiki kwenye malipo yetu, lakini filamu hizo, kipindi kikisharushwa, ziwe zetu.

CBS wakakubali haraka. Kipindi kilichokwisha kurushwa kilikuwa na thamani gani enzi hizo? Nani angetaka kuangalia leo kitu alichokiona jana? Hivyo ndivyo ilivyofikiriwa. Miaka michache baadaye ikadhihirika kwamba watu wanataka kukiona tena, na tena, na watoto wao pia. Marudio yakawa dhahabu. CBS wakalazimika kununua kwa mamilioni ya dola kile walichokiachia kwa kuokoa dola 1,000 kwa wiki. Mwaka 1957, mwaka ambao kipindi kilimaliza mfululizo wake wa kila wiki, Desilu ikafikia makubaliano ya kuinunua studio ya RKO kwa zaidi ya dola milioni 6. RKO ile ile ambako Lucille aliwahi kuwa mwigizaji wa mkataba mdogo, akiitwa na kuondolewa kama walivyotaka wengine.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tumeshuhudia mara ngapi kwetu? Msanii anaigiza miaka, uso wake unajulikana kuanzia bandarini hadi milimani, watoto wanamwiga shuleni, vipindi vyake vinarudiwa kila sikukuu. Siku akiugua, anapitishiwa mchango. Si kwamba hakufanya kazi. Alifanya, tena sana. Aliweka sahihi kwenye karatasi ambayo hakuisoma, au hakukuwa na karatasi kabisa, kulikuwa na bahasha na neno la mdomo.

Nakusihi, usisaini kitu usichokielewa. Uliza nani anamiliki picha baada ya kurushwa. Uliza marudio yatalipwaje, na mtandaoni yatalipwaje, na jina la mhusika uliyemuumba ni la nani ukiondoka. Muswada wako usajili kwenye taasisi ya hakimiliki: Tanzania kuna COSOTA, Kenya kuna KECOBO, na nchi nyingine zina taasisi zao. Mpelekee mwanasheria mkataba wako kabla hujatia sahihi, hata kama itabidi mchangishane watatu kumlipa. Na kama leo huna nguvu ya kudai yote, dai kitu kimoja kisichoonekana kuwa na thamani leo ila kitakuwa na thamani kesho. Lucille alikubali kupokea pungufu ili amiliki zaidi. Hesabu hiyo ijue.

Mama mjamzito mbele ya taifa

Kuna la kuwaambia kina mama hapa. Lucille alipata mtoto wake wa kwanza, Lucie, Julai 1951, baada ya mimba kuharibika na miaka mingi ya kusubiri. Chini ya miezi miwili baadaye alikuwa mbele ya kamera akipiga kipindi cha kwanza. Mwaka uliofuata akapata mimba tena, kipindi kikiwa juu kabisa nchini. Kwa desturi ya wakati ule mwigizaji angefichwa nyuma ya viti na meza, au kipindi kingesimama. Wao wakaamua mimba iingie kwenye hadithi. CBS wakaingiwa na hofu, wakataka hata maneno yachujwe. Padri, mchungaji na rabi wakapewa miswada waisome, wahakikishe hakuna la kumkwaza mtu. Hawakuona ubaya.

Tarehe 19 Januari 1953 Lucy wa kwenye televisheni akajifungua mtoto wa kiume, na siku hiyo hiyo Lucille akajifungua kwa upasuaji mtoto wake wa kiume. Watu wapatao milioni 44 waliangalia. Kesho yake Dwight Eisenhower aliapishwa kuwa Rais wa Marekani, na watazamaji wa shughuli hiyo wakawa wachache kuliko wa Lucy.

Mama, usikubali kuambiwa kwamba kuzaa kumekufungia mlango. Maisha yako, pamoja na kichanga, mkwe, kodi ya nyumba na mkaa uliopanda bei, ndiyo mgodi wako wa vichekesho. Wanawake wenzako wanangoja kujiona kwenye kioo. Wapelekee.

Mwenyekiti wa studio

Ndoa ya Lucille na Desi ilivunjika mwaka 1960. Mwaka 1962 akanunua hisa za Desi katika Desilu kwa takriban dola milioni 2.5, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza studio kubwa ya Hollywood kwa nafsi yake. Hakuwa amesomea biashara. Aliendelea kuigiza katika kipindi kipya, The Lucy Show, kilichoanza mwaka huo huo, huku akiingia kwenye vikao vya bodi na kusikiliza mahesabu.

Chini ya uongozi wake Desilu ilizalisha Mission: Impossible na Star Trek, vyote viwili vikaanza kurushwa mwaka 1966. Wajumbe wa bodi walihofia gharama, hasa za Star Trek, hadithi ya chombo cha angani iliyohitaji mapambo na mbinu ghali. Kipindi cha majaribio cha kwanza kilikuwa kimekataliwa na shirika la NBC, kikatengenezwa cha pili. Lucille alisimama upande wa wasanii wake. Hadithi hiyo bado inatengenezewa filamu na vipindi mpaka leo. Mwaka 1967 aliiuza Desilu kwa dola milioni 17.

Angalia alikofika yule binti ambaye walimu walisema anapotezewa fedha. Alitoka kuwa mtu anayechaguliwa akawa mtu anayechagua, na alipochagua, wengine wakapata kazi. Hii ndiyo sababu umiliki si ubinafsi. Mwigizaji mwenye kampuni ndogo yenye vitabu safi anaajiri mpiga picha, mwandishi, fundi wa mavazi, dereva na mama wa chakula. Kijana mwenye hadithi ya ajabu iliyokataliwa kote atahitaji mtu kama huyo siku moja.

Koleo likivunjika

Sitakuficha kwamba hata yeye alianguka. Mwaka 1986, akiwa na miaka 75, alirudi na kipindi kipya, Life with Lucy, kwenye shirika la ABC. Watazamaji hawakukipokea, na kikasimamishwa baada ya vipindi 8 tu kurushwa. Jambo hilo lilimuuma sana, mtu aliyezoea kupokelewa kwa shangwe. Mwaka huo huo Desi alifariki. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 26 Aprili 1989, akiwa na miaka 77, wiki chache baada ya kupanda jukwaani pamoja na Bob Hope kwenye tuzo za Oscar, ukumbi mzima ukasimama kumpa heshima.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hakuna aliyekifuta kile kiwanda cha pipi kwa sababu ya kipindi kilichoshindwa 1986. Kazi uliyoifanya vizuri haitaguswa na ile iliyokwama, mradi uliifanya vizuri na mradi ni yako. Basi usiogope kukosea mbele za watu. Ogopa kutofanya.

Basi nakuachia kazi, na nasema kwa mapenzi yote niliyo nayo kwa sanaa yetu. Wiki hii chukua kituko kimoja, kimoja tu, ukifanyie mazoezi mpaka mikono ijue njia bila macho. Kionyeshe kwa watu waliokaa mbele yako, sebuleni, kwenye ukumbi wa kijiji, kwenye uwanja wa shule, usikilize wanapocheka na wanaponyamaza, urekebishe, uonyeshe tena. Mtafute mkongwe mmoja ukae miguuni pake. Kisha fungua daftari: andika jina la kila kazi uliyoifanya, tarehe, ulimfanyia nani, mlikubaliana nini, na nani anaimiliki leo. Palipo wazi, nenda ukaulize. Ulipodhulumiwa, tafuta msaada wa sheria. Ambako hujasaini bado, soma kwanza.

Ukisikia tena kwamba umechelewa, wajibu kwa kazi. Miaka 40 haikumzuia Lucille, wala mimba, wala lafudhi ya mumewe, wala ofisi iliyosema watu hawataki. Nawe simama. Watu wetu wanataka kucheka, wanataka kucheka na mambo yao kwa lugha yao, na wako tayari kukupokea. Jifunze, fanya, miliki, kisha mshike mkono anayekuja nyuma yako.